Seva Inaponyamaza

Mtu yuko Kariakoo, anatuma shilingi elfu hamsini kwa mama yake Kasulu. Ameingiza namba, ameweka kiasi na ya kutolea juu, amemalizia na namba ya siri. Sekunde hiyo hiyo mnara wa simu unazima. Skrini imebaki kama ilivyokuwa. Je, pesa imeenda au haijaenda?

Mwenye simu anaanza kuwaza sasa. Aliyeandika programu alilazimika kuliwaza swali hilo miaka mingi kabla, akiwa mezani, siku ambayo minara yote ilikuwa inafanya kazi na hakuna mama aliyekuwa anasubiri. Wanaoisifu biashara ya pesa za simu hutaja idadi ya wateja na mabilioni yanayopita kwa siku, na ni haki yao. Mimi huvutiwa na pale pesa inapokwama. Hapo ndipo unapomwona aliyeijenga: alijiuliza nini, alikataa kudhani nini, na alimwachia mteja kitu gani mkononi wakati mambo yanaharibika.

Mfumo wa pesa una makosa mawili ambayo hausamehewi. La kwanza ni pesa kutoka kwa mtumaji isifike kwa mpokeaji. La pili ni pesa kufika mara mbili. La kwanza huleta kelele mbele ya kibanda cha wakala. La pili halina kelele, maana sijawahi kusikia mtu aliyepokea mara mbili akakimbilia kupiga huduma kwa wateja. Na hili la pili mteja mwenyewe ndiye anayelichokoza: akiona kimya, anajaribu tena. Kila mtu anajaribu tena. Mwandishi wa programu anayetegemea kwamba mteja atatulia na kungoja hajawahi kusimama kwa wakala mwisho wa mwezi.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko simu ya mkononi. Mwaka 1978 Jim Gray, Mmarekani aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alilieleza kwa kisa cha majemadari wawili. Kila mmoja yuko juu ya kilima chake na jeshi lake, adui yuko bondeni katikati yao. Wakishambulia pamoja watashinda, akishambulia mmoja peke yake ataangamia. Njia pekee ya kupatana ni tarishi anayepita bondeni, na tarishi anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma: tushambulie alfajiri. Hana hakika ujumbe umefika mpaka aletewe jibu. Aliyejibu naye hana hakika jibu lake limefika mpaka aletewe jibu la jibu. Tuma matarishi kumi, tuma mia, yule wa mwisho kutumwa haijulikani kama alivuka. Kihisabati imethibitishwa kwamba hakuna utaratibu wa matarishi utakaowapa wote wawili uhakika kamili. Weka simu juu ya kilima kimoja na seva juu ya kingine. Bonde ni mtandao tunaoulalamikia kila siku.

Kwa hiyo kimya hakiondolewi, hata ukiongeza minara. Kazi iliyobaki ni kuamua kimya hicho kitendewe nini, na Gray ni miongoni mwa waliotoa kanuni ambazo benki na maduka ya mtandaoni yanazifuata mpaka leo. Hatua zote za tendo moja zifanyike pamoja, au isifanyike hata moja. Kabla hujagusa salio la mtu, andika kwanza pembeni unachotaka kufanya, ili umeme ukikatika ujue pa kuanzia. Kilichokwisha kuthibitishwa kisifutwe. Kikikosewa, kisahihishwe kwa kuandika kingine. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998. Januari 28, 2007 alitoka San Francisco peke yake na mashua ya tanga kwenda kumwaga majivu ya mama yake baharini, na hakuonekana tena. Wiki tano baadaye, Machi 6, kampuni ya simu ya Safaricom ikazindua huduma ya pesa ya M-Pesa nchini Kenya.

Wazo la M-Pesa lilianzia Vodafone, Uingereza, kwa Nick Hughes, na sehemu ya gharama ilitoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza wa kuendeleza huduma za fedha. Mwenzake Susie Lonie akapelekwa Nairobi kulifanya wazo liwe kitu. Programu iliandikwa na Sagentia, kampuni ya Cambridge. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika kwa watu wasiofika mia tano, wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa hilo tu: mkopaji apokee mkopo na kurejesha marejesho kwa simu.

Baadaye Hughes na Lonie waliandika wenyewe walichokiona kwenye majaribio yale, na maelezo yao yana ukweli ambao wakuu wa kampuni huuonea haya. Upande wa mikopo ulikuwa mgumu. Faulu iliendesha mikopo kwa vikundi na kwa vitabu vyake, na kuoanisha vitabu hivyo na mfumo mpya kulikuwa kazi ya kutoa jasho. Wateja nao walikuwa wanafanya mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Mmoja anamlipia mwenzake marejesho ili afanyiwe kazi fulani. Wafanyabiashara wanaweka mauzo ya siku kwenye simu yalale huko, kwa kuwa benki zilifunga mapema kuliko maduka ya mawakala. Msafiri anaweka pesa kabla ya kupanda gari, anazitoa akishashuka. Wengine wananunua muda wa maongezi na kuutuma nyumbani kijijini.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo biashara yote ilipoamuliwa. Walikuwa wamekwisha kujenga programu ya mikopo, imelipiwa, inafanya kazi kiasi. Wakaiondoa mikopo. Iliyozinduliwa Machi 2007 ilijua kuweka, kutoa, kutuma na kununua muda wa maongezi, pamoja na mambo madogo kama kubadili namba ya siri na kuchagua Kiswahili au Kiingereza. Kutuma kwa mteja aliyejiandikisha kulikuwa shilingi 30 za Kenya, kiasi chochote ndani ya kikomo. Kuongeza kipengele kila mtu anaweza, na kikao chochote cha kampuni kitakupigia makofi. Kuondoa kilichofanya kazi, kwa sababu umewatazama watu vizuri, ni jambo ambalo nimeona wachache wakilifanya. Huduma ilipotimiza mwaka ilikuwa na wateja wapatao milioni mbili.

Ukiitazama chini ya menyu, utaona kwamba hata yale matendo manne kwa kiasi kikubwa ni moja. Kutuma ni salio kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Kuweka ni salio kuhama kutoka kwa wakala kwenda kwa mteja, huku noti zikienda upande wa pili wa kaunta. Kutoa ni vilevile, ila mwelekeo umegeuzwa. Wakala hawezi kukuwekea elfu ishirini kama yeye mwenyewe hana salio la elfu ishirini, yaani floti. Kila mtu amewahi kujibiwa "floti imeisha, rudi baadaye" akakasirika. Jibu hilo linaudhi, lakini ndani yake mna kinga: hakuna mahali kwenye kibanda ambapo pesa mpya inaweza kuzaliwa. Kila shilingi iliyoko kwenye simu ina mwenzake aliyelala benki kwenye akaunti ya amana, na kazi ya mfumo ni kubadilisha jina la mwenye nayo.

Tazama pia namna mteja na wakala wasiojuana walivyofanywa waaminiane. Ukitoa pesa, ujumbe unakuja kwenye simu yako na mwingine kwenye simu ya wakala. Wakala mzoefu haangalii simu yako hata ukimsogezea puani. Anasubiri yake iite. Mfumo haukuwataka wawili hawa waaminiane. Ulimpa kila mmoja shahidi wake. Waliotengeneza ujumbe bandia kwenye simu zao wamewapata mawakala wageni katika siku za foleni ndefu, ila aliyeshika kanuni ya kusubiri simu yake hawampati.

Ujumbe huo wenyewe naustahi kuliko sehemu nyingine yoyote ya huduma. Meseji ya kawaida ya simu ina nafasi ya herufi 160, kipimo kilichowekwa na mafundi wa mawasiliano wa Ulaya katika miaka ya 1980 kwa ajili ya taarifa fupi. Hakuna aliyekuwa anawaza risiti ya mkulima. Ndani ya nafasi hiyo finyu waandishi wa M-Pesa walitakiwa kubana namba ya muamala, neno la kuthibitisha, kiasi, jina na namba ya mpokeaji, tarehe, saa na salio jipya. Leo meseji zimerefuka na kubeba matangazo, jambo linaloniudhi kidogo, lakini mifupa ni ile ile.

Salio jipya ndilo lililoibeba kazi nzito. Kwa kulitaja kila mara, mfumo umemgeuza kila mteja kuwa mkaguzi wa hesabu zake. Bibi ambaye hajawahi kushika kitabu cha benki anajua alikuwa na 12,300, ametuma 5,000, kwa hiyo baada ya makato ilitakiwa ibaki kiasi fulani. Isipobaki hivyo, anajua dakika ile ile, na kesho asubuhi wakala naye atajua. Hitilafu haipati muda wa kujificha.

Kisha kuna namba ya muamala, mchanganyiko wa herufi na tarakimu kumi ambao wengi huuruka kwa macho. Kwenye risiti za Kenya za miaka ya karibuni haukupangwa ovyo. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ya tatu ni siku. Risiti inayoanza na TCF ni ya Machi 15, 2025: T ni mwaka huo, C ni mwezi wa tatu, F ni siku ya kumi na tano, kwa kuwa tarehe 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu na kuanzia 10 zinaingia herufi, A ikitangulia. Karani wa huduma kwa wateja anayesomewa namba hiyo kwa simu amekwisha kujua siku ya muamala kabla mteja hajamaliza kuitaja. Aliyeamua hivyo hakuongeza hata herufi moja kwenye meseji, na sidhani kama kuna mteja aliyewahi kumshukuru.

Mambo ya kukua nitayapitia haraka, yamekwisha kuandikwa sana. Vodacom iliileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na ilichukua muda kushika kasi kuliko Kenya. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, akiba na mikopo juu ya mfumo ule ule uliokuwa umeitoa mikopo. Mwaka huo huo M-Kopa, ambayo Nick Hughes alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilianza kuuza umeme wa jua kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Kifaa kina laini ndani yake, usipolipa kinazima. Mwaka 2014 mitandao ya Tanzania ilianza kuunganishwa ili mteja wa mtandao huu atume kwa wa mtandao ule, hatua ambayo nchi yetu iliwatangulia wengi. Mpaka 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani: ulimlipa jirani yako Kisumu, na hesabu ikafanyiwa Ulaya ikarudi. Katika yote haya, lile tendo la msingi la kuhamisha salio lilibaki tendo la msingi. Ndiyo maana vitu vingine viliweza kupandishwa juu yake bila kuubomoa msingi.

Kuna tatizo moja ambalo ule msingi haukulitatua, nalo ni vidole. Namba ina tarakimu nyingi na ukikosea moja, pesa inafika salama salimini kwa mtu usiyemjua. Kwa mfumo, huo ni muamala uliofanikiwa. Kenya walijibu kwa huduma ya Hakikisha: jina la mpokeaji lilijitokeza, na mtumaji alikuwa na sekunde 25 za kusitisha. Huku kwetu jina linaonekana kabla ya kuweka namba ya siri. Sekunde 25 zilikuwa nyingi kwa aliye kwenye foleni, lakini ziliwekwa mahali penye maana, kati ya mkono na majuto. Baada ya hapo inabaki kazi ya kuomba muamala urejeshwe. Huko nako mfumo haukurupuki kuirudisha pesa, kwa sababu hauwezi kujua kama wewe uliikosea namba kweli au umekwisha kupewa mzigo na sasa unataka kumtapeli muuzaji. Wale matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" nao wanaishi hapo hapo, mahali ambapo mfumo unafanya kazi sawasawa na binadamu ndiye aliyedanganywa. Programu haina la kuwafanya zaidi ya kuonyesha jina.

Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, mlango ambao mwandishi yeyote wa programu anaweza kuupitia ili tovuti au duka lake lipokee malipo ya M-Pesa. Mteja anabonyeza "lipa", kidirisha kinajitokeza kwenye simu yake kikidai namba ya siri, kwisha. Kwa muuza duka ni muujiza. Kwa mwandishi wa programu, ni vilima viwili na bonde, vimeletwa mezani kwake.

Mtego wa kwanza uko mapema. Ukituma ombi, Daraja inakujibu papo hapo na sifuri, yaani hakuna kosa. Wageni wengi huishia hapo, wakamwandikia mteja kwamba amelipa. Sifuri ile inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja hajagusa simu yake bado. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, yakiletwa kwenye anwani uliyoitaja wewe. Yakija na sifuri, amelipa. 1032, ameghairi. 2001, namba ya siri siyo. 1, salio halitoshi. 1037, simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Na kuna tokeo la sita ambalo halina namba: hakiji kitu.

Mwandishi mvivu husoma kimya hicho kuwa "hajalipa" na kumwonyesha mteja kitufe cha kulipa upya. Hapo ndipo anayetaka kulipia kitu kimoja anapolipia viwili. Mwandishi mzuri huandika oda kwenye hifadhidata yake kwanza, na namba yake, katika hali ya "inasubiri", kabla hata hajaisemesha Daraja. Jibu lisipokuja, hasemi ndiyo wala hapana. Anarudi kuuliza: ombi langu lile, namba fulani, limeishia wapi? Namba ya risiti ya M-Pesa anaiwekea sharti kwamba isiingie mara mbili, ili taarifa ikiletwa mara tatu oda ilipwe mara moja. Anaangalia kama kiasi kilicholipwa ndicho kilichodaiwa. Haamini taarifa kwa sababu tu imefika mlangoni, maana anwani ya mlango ikijulikana yeyote anaweza kuutupia uongo. Na kwenye skrini ya mteja anaandika kwa lugha ya kawaida: tunasubiri uthibitisho, tafadhali usilipe tena.

Nilimtazama dada mmoja Nairobi akiifanya kazi hii kwa chuo kidogo cha udereva kilichotaka wanafunzi walipie masomo kwa simu. Alikuwa na simu mbili, kompyuta moja na daftari la kurasa za mistari, na alikuwa anajilipa shilingi moja moja. Alilipa akaghairi. Alikosea namba ya siri makusudi. Alizima simu kidirisha kikiwa kimefunguka, akasubiri mpaka 1037 itokee. Akajiletea taarifa ya malipo aliyoibuni mwenyewe, aone kama mlango wake utaipokea; ukaikataa. Akachukua taarifa ya kweli akaileta mara ya pili, oda haikubadilika. Kila jaribio lilipata mstari wake daftarini, na pembeni alama.

Jaribio alilolichelewesha ndilo nililokuwa nalisubiri. Aliweka namba ya siri, na kabla kidole hakijaondoka akaikata seva yake kwenye mtandao. Simu ikaita: imethibitishwa, shilingi moja imekwenda, salio jipya hili hapa. Upande wa chuo, oda bado inasubiri, haina habari. Akaacha hivyo dakika kadhaa huku akinisimulia habari za foleni ya Thika Road. Alipoirudisha seva mtandaoni, programu ilipitia oda zilizosubiri, ikauliza habari ya ile moja, ikajibiwa, ikaiandika kuwa imelipwa.

Akatia alama, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akasema sasa anataka kuikata seva katikati ya kuuliza. Ukurasa wa mwanafunzi kuchagua siku ya somo, ambao ndio mwenye chuo alikuwa anaupigia simu kila asubuhi kuuulizia, alikuwa hajaugusa.